Kosa la Nani? Uteuzi wa Maneno na Toni katika Jumbe za Hitilafu za Programu za Kiswahili

Ikisiri

Mijadala kuhusu Kiswahili katika teknolojia ya habari imejikita kwa muda mrefu katika uundaji wa istilahi. Makala hii inadai kwamba katika jumbe za hitilafu, yaani jumbe fupi ambazo programu humwonesha mtumiaji jambo linaposhindikana, tatizo kubwa haliko katika istilahi bali katika sarufi na adabu ya mazungumzo: njeo katika ukanushi, kauli za kitenzi, upatanisho wa kisarufi na namna lawama inavyogawanywa kati ya mtu na mtambo. Kwa kutumia mazingira ya Nassa, katika wilaya ya Busega mkoani Simiyu, ambako ujumbe wa simu mara nyingi husomwa na mtu mmoja kwa niaba ya mwingine, makala inaonesha kwamba ujumbe usio na adabu hupoteza pia taarifa uliyokusudiwa kuibeba. Mifano iliyotumika imetungwa kwa ajili ya mjadala kwa kufuata ruwaza zinazofahamika kwa watumiaji. Haikunukuliwa kutoka katika mfumo wa kampuni au taasisi yoyote.

Maneno makuu: ujumbe wa hitilafu, ukanushi, kauli, upatanisho, adabu, tafsiri ya programu

1.0 Utangulizi

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Microsoft na Google nazo zilitoa huduma zao kwa lugha hii katika muongo huohuo. Mjadala wa kitaaluma uliofuata ulikuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa maneno: kompyuta au tarakilishi, nywila au nenosiri. Huo ulikuwa mjadala wa lazima. Hata hivyo, uliacha dhana kwamba neno likishapatikana na kusanifiwa, kazi ya mfasiri imekwisha.

Ujumbe wa hitilafu unaivunja dhana hiyo. Katika menyu, neno moja kama “Hifadhi” au “Futa” linatosha. Ujumbe wa hitilafu ni sentensi. Una kiima, una njeo, una mtendaji aliyetajwa au kufichwa, na unatolewa wakati msomaji ana wasiwasi. Anayeusoma amekwama, huenda fedha yake iko njiani, au umeme umekatika na tarakimu za luku zimekataliwa na mita. Kwa hiyo kila uamuzi wa kisarufi katika sentensi hiyo una matokeo kwa mtu halisi.

Suala hili si la Kiswahili peke yake. Mwaka 1982 Ben Shneiderman aliwakosoa wabunifu wa mifumo kwa jumbe zenye ukali na zenye kumlaumu mtumiaji. Hata hivyo, miaka 13 baadaye Windows 95 ilikuwa bado ikiwaarifu watumiaji wa Kiingereza kwamba programu imefanya kitendo kisicho halali na itafungwa, na wako waliodhani kwamba wao ndio waliovunja sheria. Miongozo ya Jakob Nielsen ya miaka ya 1990 inataka ujumbe wa hitilafu utumie lugha ya kawaida, utaje tatizo kwa usahihi na upendekeze suluhisho. Masharti hayo matatu ni mazuri, lakini hayamwambii mfasiri wa Kiswahili achague “haukukamilika” au “haujakamilika”. Jibu la swali hilo halina budi kutafutwa ndani ya Kiswahili chenyewe.

2.0 Kosa, hitilafu na msamiati wa mahakama

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayogombea nafasi moja: kosa, hitilafu, tatizo, dosari. Katika tafsiri nyingi maneno haya huchukuliwa kuwa visawe, na neno “kosa” hushinda kwa kuwa ndilo fupi na ndilo la kwanza kumjia mfasiri. Matumizi ya kila siku yanaonesha mgawanyo ulio wazi zaidi. Kosa lina mkosaji. Hutoka kwa mtu, huombewa radhi, na mahakamani huwa kosa la jinai. Hitilafu ni ya mtambo: watu husema hitilafu ya umeme, hitilafu ya injini. Tatizo halielekezi upande wowote.

(1) a. Kosa limetokea.
    b. Hitilafu imetokea.
    c. Kuna tatizo katika mfumo.

Sentensi (1a) inaleta swali ambalo ujumbe haulijibu: kosa la nani? Kwa kuwa aliyeshika simu ni mmoja tu, msomaji huliegemeza kosa kwake. Sentensi (1b) inaondoa shaka hiyo bila kuongeza urefu wowote wa maana. Pendekezo linalofuata ni jepesi: neno “hitilafu” litumike pale mtambo uliposhindwa, na mzizi wa “kosa” uachwe kwa hali ambazo mtu ameingiza kitu kisicho sahihi, tena kwa uangalifu utakaojadiliwa hapa chini.

Jambo kama hilo linahusu neno “batili”. Wafasiri hulipenda kwa kuwa linaonekana kubeba dhana nzima kwa neno moja: “namba batili”, “ingizo batili”. Lakini batili ni neno la sheria na fikihi. Mkataba huwa batili, ndoa huwa batili. Linaeleza kitu kilichokuwa na hadhi ya kisheria kisha kikakosa nguvu. Mtu aliyekosea tarakimu moja hajabatilisha chochote. “Namba hii haina tarakimu 10” ni sentensi ndefu zaidi, lakini inamwambia msomaji ahesabu, na kuhesabu ndiko kutakakomkwamua.

3.0 Njeo katika ukanushi: -ku- na -ja-

Sehemu yenye hatari kubwa zaidi ndiyo iliyojadiliwa kwa uchache zaidi. Zingatia sentensi zifuatazo:

(2) a. Muamala haukukamilika.
    b. Muamala haujakamilika.
    c. Muamala haukamiliki.

Kwa mfasiri anayefanya kazi kwa orodha ya sentensi zisizo na muktadha, (2a) na (2b) zinaweza kuonekana kuwa sawa. Kwa msomaji haziko sawa. Kiambishi -ku- hufunga jambo: muamala ulikuwapo, ukaisha bila mafanikio. Kiambishi -ja- huliacha jambo wazi, na ndiyo maana huandamana kwa urahisi na neno “bado”. Aliyeambiwa kwamba mgeni hajafika huendelea kumngoja; aliyeambiwa kwamba mgeni hakufika huondoa sahani mezani. Sentensi (2c) ni tofauti tena, kwa kuwa inaeleza hali ya muamala wenyewe, kana kwamba hauna uwezekano wa kukamilika hata ukirudiwa.

Chanzo cha mkanganyiko kinaeleweka. Ujumbe wa mafanikio huandikwa kwanza, nao hutumia -me-: “Muamala umekamilika.” Mfasiri anapokanusha sentensi hiyo, kanuni ya darasani inampeleka moja kwa moja kwenye -ja-. Sarufi haikuvunjwa, kilichovunjika ni maana. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kawaida -ja- haibebi matarajio kila mara, na muktadha husaidia. Lakini ujumbe wa simu hauna muktadha mwingine zaidi ya maneno yake.

Matokeo yake ni ya fedha. Anayesoma “haujakamilika” wakati muamala umekwisha kushindwa atangoja kisichokuja. Anayesoma “haukukamilika” wakati muamala ungali njiani atatuma tena, na huenda akalipa mara mbili. Hata sentensi inayoongezwa ili kumtuliza msomaji inaweza kumtia hofu mpya:

(3) a. Fedha zako hazijakatwa.
    b. Fedha zako hazikukatwa.

Sentensi (3a) inaweza kusomeka kama ahadi ya kwamba zitakatwa. Sentensi (3b) ndiyo inayomaliza hofu. Silabi moja inatofautisha taarifa mbili ambazo kwa mwenye salio dogo si sawa hata kidogo. Mfumo wowote unaoshughulikia fedha unapaswa kutofautisha, kwa uthabiti na katika jumbe zake zote, hali tatu: lililoshindikana (-ku-), linaloendelea (“unashughulikiwa, usitume tena”) na lisiloruhusiwa. Kazi hii haihitaji istilahi mpya hata moja.

4.0 Kauli za kitenzi na mgawanyo wa lawama

Kiswahili kinampa mwandishi wa jumbe uwezo mkubwa kupitia minyambuliko ya kitenzi. Jambo lilelile linaweza kuelezwa kwa ngazi kadhaa za lawama:

(4) a. Umekosea namba ya siri.
    b. Namba ya siri imekosewa.
    c. Namba ya siri si sahihi.
    d. Namba ya siri uliyoingiza hailingani na iliyosajiliwa.

Sentensi (4a) inamtaja mtenda na kumhukumu. Sentensi (4b), kwa kauli ya kutendwa, inamwondoa mtenda lakini inabakisha hukumu. Sentensi (4c) inahukumu namba. Sentensi (4d) inaeleza uhusiano wa vitu viwili, na ndiyo pekee inayoacha nafasi ya ukweli kwamba huenda aliyesajili ndiye aliyekosea. Kwa mujibu wa nadharia ya adabu ya Brown na Levinson, (4a) ni tendo linalotishia uso wa msikilizaji; (4d) inapunguza tishio hilo bila kupunguza taarifa.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba kauli ya kutendeka, yenye kiishio -ka au -kana, ndiyo dawa ya jumla: “imeshindikana”, “haifunguki”, “haipatikani”. Hapo tahadhari inahitajika. Kauli hiyo inamficha mtendaji yeyote, akiwamo mwenye mfumo. Mtumiaji aliyekosea tarakimu akiambiwa “imeshindikana”, ameheshimiwa. Kampuni ambayo mitambo yake imezimika ikisema “imeshindikana”, imejificha. Ulaini uleule wa kisarufi ni adabu katika hali ya kwanza na ukwepaji katika hali ya pili. Kigezo kinachopendekezwa hapa ni kwamba mtendaji afichwe pale anapokuwa mtumiaji, na atajwe pale anapokuwa mfumo: “Mfumo wetu una hitilafu. Fedha zako hazikukatwa.”

Kigezo hiki kina mpaka wake. Katika masuala ya usalama, ujumbe haupaswi kusema waziwazi ni kipi kati ya jina na nenosiri ambacho hakikulingana, kwa kuwa taarifa hiyo ingemsaidia mdukuzi. Hapo utata ni wa makusudi na unakubalika. Lakini hata utata wa makusudi hauhalalishi ukali, wala hauzuii kumweleza mtumiaji amebakiwa na nafasi ngapi kabla ya akaunti kufungwa.

5.0 Samahani, pole na tafadhali

Jumbe nyingi hujaribu kurekebisha ukali kwa kuongeza “samahani” mwanzoni na “tafadhali” mwishoni. Viungo hivi vinatokana zaidi na desturi ya Kiingereza kuliko ya Kiswahili. Katika Kiswahili “samahani” hutolewa na aliyekosea au anayekatiza shughuli ya mwenziwe. “Pole” hutolewa kwa aliyepatwa na jambo, awe amesababisha nani. “Samahani, umekosea namba” ni sentensi inayopingana yenyewe, kwa kuwa anayeomba radhi ndiye anayelaumu. Vilevile, ulaini wa ombi katika Kiswahili huweza kubebwa na kitenzi chenyewe, kwa hali tegemezi: “ujaribu tena” badala ya “tafadhali jaribu tena”. Katika menyu zinazofunguliwa kwa alama ya nyota na reli, ambako ukurasa mmoja hauzidi herufi 182, kila “tafadhali” inachukua nafasi ya maelezo ambayo yangemsaidia msomaji.

“Baadaye” nayo ni adabu isiyo na kitu ndani yake. Aliyeambiwa “jaribu tena baadaye” hajui kama ni dakika tano au kesho. Na mfumo unapotaja saa, hutaja kwa hesabu ya kimataifa. Ujumbe usemao kwamba huduma itarejea “saa 02:00” utasomwa na Watanzania wengi kuwa saa mbili, asubuhi au usiku, wakati uliokusudiwa ni saa nane usiku. Hakuna aliyekosea Kiswahili, lakini wasomaji na mfumo hawatakutana.

6.0 Upatanisho na nafasi tupu

Programu huunda jumbe zake kwa kujaza nafasi tupu katika kiunzi kimoja. Kiunzi “[...] haijapatikana” kinafaa kwa akaunti na namba, zilizo katika ngeli ya i-/zi-. Kikijazwa maneno mengine, upatanisho huvunjika:

(5) a. *Mteja haijapatikana.
    b. *Kitambulisho haijapatikana.
    c. *Jina haijapatikana.

Makosa haya huwafanya wasomaji waone Kiswahili cha mashine kuwa lugha ya mgeni, na kwa baadhi yao huwa ushahidi kwamba Kiswahili “hakiwezi” teknolojia. Ukweli ni kwamba kiunzi kilibuniwa kwa lugha isiyo na ngeli. Suluhisho la kwanza ni kuandika sentensi kamili kwa kila nomino. Suluhisho la pili ni kuweka nomino ya kudumu mbele ya nafasi tupu ili upatanisho uishikilie hiyo: “Taarifa za [...] hazikupatikana.” Hapo mteja, kitambulisho na jina vyote huingia bila kuvunja chochote. Mwanaisimu aliyeketi na mhandisi kwa saa moja angeyaondoa makosa mengi ya aina hii. Orodha ya istilahi haitaliondoa hata moja.

7.0 Nassa: ujumbe unaopita mdomoni

Nassa iko kando ya Ghuba la Speke katika Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wasukuma, ndani ya mkoa ulioundwa mwaka 2012 na ambao ni miongoni mwa wazalishaji wakuu wa pamba nchini. Wakulima wa pamba na wavuvi wa dagaa hutumia simu kupokea malipo, kutuma ada na kununua umeme. Wengi wao wana Kisukuma kama lugha ya kwanza, na baadhi ya wazee hawasomi kwa urahisi. Katika mazingira ya namna hiyo msomaji wa ujumbe na mlengwa wake ni watu wawili. Wakala wa fedha, au mjukuu, husoma na kueleza. Nadharia za tafsiri, ikiwamo ile ya skopo iliyoasisiwa na Hans Vermeer, husisitiza kwamba tafsiri ipimwe kwa lengo lake kwa mlengwa. Mlengwa anayedhaniwa na wabunifu wengi, hata hivyo, ni mtu mmoja anayesoma kimya kioo cha simu yake.

Ichukuliwe kwamba mzee ameingiza namba yake ya siri mbele ya wakala aliye rika la mjukuu wake, na kioo kikaandika “Umekosea namba ya siri.” Mzee anampa kijana simu amsomee. Kijana ana sentensi ambayo adabu ya kwao haimruhusu kuitamka kama ilivyo. Anaweza kuilainisha ikiwa ni stadi wa maneno. Njia iliyo karibu zaidi ni kusema yale ambayo kila mtu amezoea kuyasikia: “Mzee, mtandao unasumbua.” Mzee anajaribu tena kwa namba ileile, kwa kuwa ameambiwa tatizo ni mtandao. Katika mifumo inayofunga akaunti baada ya majaribio matatu, amebakiwa na nafasi moja tu, naye hajui.

Hali hii inaonesha kwamba adabu katika ujumbe wa hitilafu si pambo linaloongezwa baada ya usahihi kupatikana. Ujumbe wenye ukali hauwezi kupita mdomoni mwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Hubadilishwa njiani, na taarifa hupotea pamoja na ukali. Ujumbe kama “Namba ya siri hailingani na iliyosajiliwa. Zimebaki nafasi 2” unaweza kusomwa na kijana kwa mzee bila kubadilishwa hata neno moja. Hauna nafsi ya pili ya kumlaumu mtu, hivyo hauhitaji kugeuzwa unapotoka kwa msomaji kwenda kwa msikilizaji. Pia unatafsirika kwa Kisukuma bila wakala kulazimika kuamua nani alaumiwe.

Kutokana na hayo, kigezo kimoja cha upimaji kinaweza kupendekezwa: ujumbe wa hitilafu usomwe kwa sauti na kijana mbele ya mzee. Ikiwa kijana atasita, ujumbe uandikwe upya.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba ubora wa jumbe za hitilafu katika Kiswahili hutegemea maamuzi ya kisarufi na ya adabu ambayo orodha za istilahi haziyagusi. Ujumbe unapoandikwa, maswali manne yanafaa kujibiwa. Je, jambo limefungwa au lingali wazi, na kiambishi cha ukanushi kinasema hivyo? Je, aliyeshindwa ni mtu au mtambo, na kauli ya kitenzi imemtendea haki? Je, upatanisho unashikilia kila neno linaloweza kuingia katika nafasi tupu? Je, sentensi inaweza kutamkwa na mdogo kwa mkubwa?

Baraza la Kiswahili la Taifa na idara za Kiswahili za vyuo vikuu zina uzoefu wa miongo kadhaa wa kusanifu maneno. Hatua inayosubiriwa sasa ni kusanifu sentensi: kuandaa, pamoja na wahandisi wa programu, mkusanyiko wa viunzi vya jumbe vilivyopimwa kwa watumiaji wa Nassa na wa kwingineko ambako simu husomwa na wawili. Hadi hapo, mzee aliyefungiwa akaunti ataendelea kuamini kwamba mtandao ulisumbua, na kijana aliyemwambia hivyo ataendelea kubeba lawama ambayo kwa haki ni ya mwandishi wa sentensi.